Kanda Niliyomwekea Mgeni Rasmi

Ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko nyingine, mwanangu, ingawa mengi ya ujana wangu yameshanitoka. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mzaliwa wa kisiwa cha Nosy Be niliyehamia mji huu wa Mahajanga, hapa Madagaska, kutengeneza redio. Kwa kuwa niliwahi kushika kamera ya video ya shemeji yangu, watu waliniita fundi. Nami, Mungu anisamehe, nikaamini.

Kila mwaka tulikuwa na mkutano wa kujitolea pale mtaani kwetu Ampisikina. Hakuna aliyelipwa. Walimu walitupa madarasa yao, akina mama walipika wali, na kila mwenye jambo analolijua alipewa saa moja awaeleze wenzake. Mwaka ule niliombwa nirekodi. Nilikuwa na kanda mbili tu.

Ya kwanza ilijaa asubuhi. Mchana kulikuwa na mazungumzo mawili kwa wakati mmoja. Ukumbini alisimama mgeni rasmi, mkubwa mmoja kutoka mji mkuu, na kanda ya pili nilikuwa nimemwekea yeye. Darasa la nyuma alipewa Bakoko Saidi. Sisi wenye asili ya Komoro babu humwita bakoko. Mzee huyu ndiye aliyeosha na kuzika maiti wa mtaa wetu tangu ujana wake. Makaburi yetu mengi hayana maandishi, lakini yeye alijua nani amelala wapi, na siku ile alikusudia kuwataja wote, safu kwa safu.

Tulikutana mlangoni. Aliniuliza kwa Kimalagasi chake kilichochanganyika na Kikomoro, "Mwanangu, mashine yako haitafika kwangu?"

"Bakoko, wewe upo hapa hapa," nikamjibu. "Mwaka ujao tutakurekodi vizuri."

Alinitazama kidogo. "Inshallah," akasema, akaingia kuzungumza na watu saba.

Mwaka ujao haukumkuta. Alifariki kabla mvua hazijakatika, na wale saba walikumbuka makaburi ya jamaa zao tu. Hata hapo sikushtuka sana. Mdharau mwiba mguu huota tende, lakini tende lenyewe haliji siku ile ile.

Miaka ilipita, kisha akaja dukani kwangu mwanamke wa makamo kutoka Ngazija, huko Komoro, jina lake Mariamu. Aliondoka Mahajanga akiwa na miaka tisa, mwishoni mwa miaka ya sabini, Wakomoro wengi walipohama. Baba yake alikuwa amezikwa huku mwaka mmoja tu kabla ya hapo. Sasa alitaka kusimama kaburini kwake, na mtu alikuwa amemwambia kwamba siku Bakoko alipoyataja makaburi, mimi nilikuwepo na kamera.

Nikaweka kanda ya siku ile. Tulimtazama mgeni rasmi akishukuru viongozi, akishukuru wapishi, akishukuru tena viongozi. Mwanzoni kabisa, kamera ilipokuwa ikipita uani, Bakoko alionekana akivuka na fimbo yake. Alifungua kinywa amwambie mtu jambo, picha ikahamia ukumbini.

"Rudisha," akasema Mariamu. Nikarudisha. Akaomba tena, mara ya tatu, kana kwamba safari hii mzee angemaliza sentensi yake.

Kisha akasema taratibu, "Kaka, mgeni wako angeweza kuiandika hotuba yake. Mzee huyu alijua kuandika?"

"Hakujua," nikasema.

Hakunilaumu zaidi ya hapo. Nilimpeleka makaburini. Alisimama langoni, kwa kuwa hakujua ageukie upande gani, akawasomea Yasini wote waliolala mle. Nilisimama nyuma yake nikiona aibu ambayo mpaka leo haijapungua. Majuto ni mjukuu, mwanangu. Yangu yameshakua na yana ndevu.

Tangu hapo kila mkutano nilianzia madarasa ya nyuma. Kanda nyingine nilizipeleka Nosy Be, wakazitazama wazee wasioweza kusafiri, mama yangu akiwa mmoja wao. Nilifanya mengi. Maneno ya Bakoko hayakurudi.

Nasikia sasa ninyi mnaandaa mikutano yenu, na kila mmoja ana simu mfukoni. Basi nisikilize. Mwombe msemaji ruhusa, halafu mrekodi, hata kama waliokuja kumsikiliza ni wawili. Anza na yule ambaye maneno yake hayapo mahali pengine popote. Sogeza kinasa sauti karibu na kinywa chake, maana picha nzuri isiyosikika haina faida. Andika jina lake na siku aliyosema, toa nakala, na nakala ikae nyumba nyingine. Unyevu wa pwani umenilia kanda nyingi. Na usimwambie mzee "mwaka ujao." Mwaka ujao si wako, wala si wake.

Mungu akupe jicho la kumwona asiyepigiwa makofi, na subira ya kumsikiliza mpaka mwisho. Na atakapokuja mtu kutoka mbali kuuliza habari za baba yake, Mungu akujalie uwe na jibu la kumpa. Amin.