Chupa za barafu kwenye tangi la samaki

Samaki watatu aliowaacha marehemu mume wangu wamekufa leo.

Joto la hapa Pangani, Kibaha, mnalijua. Asubuhi niliweka chupa mbili za barafu kwenye tangi ili maji yapoe, nikaenda kazini.

Nimerudi, chupa hazimo. Samaki wanaelea.

Mama yangu yuko nami tangu msiba, alitoka Masaki.

“Shikamoo, mama. Chupa za humu ziko wapi?”

“Marahaba. Nimezirudisha kwenye friji, mwanangu. Nikajua ni mawazo tu, umechanganya tangi na friji.”

“Asante, mama.”

Sikulia. Wala sikukasirika, jamani.

Nimewatoa kwa chujio la chai, nikawafukia chini ya mpapai.

Mama anapika, anadhani nawabadilishia maji.

Nyie mngemwambia?