Kilima Nyuma ya Kwaya

Kwaya ile ilinichukua mimi kwa sababu mpiga video wao wa kwanza alikuwa akiwafokea akina mama. Mwalimu wa kwaya alinieleza hivyo siku alipokuja ofisini kwangu, chumba kimoja jirani na soko la Tukuyu ambamo napiga picha za pasipoti, nachapisha kadi za harusi na kuhariri video. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa Singida aliyehamishiwa huku miaka kadhaa nyuma, na bado alivaa sweta mbili. Alisema anataka mtu mwenye subira. Wimbo ni mmoja tu, lakini waimbaji wake ni wakulima na hawapatikani wote kwa siku moja, hivyo tungerekodi Jumamosi nne mfululizo, mchana, wakishatoka mashambani.

Mahali walikuwa wameshapachagua. Ni nyumbani kwa bibi mmoja mjane, upande wa Kisiba, aliyekuwa mzee wa sauti ya pili katika kwaya hiyo. Aliishi na mwanaye wa mwisho, mwanamume wa miaka arobaini hivi ambaye hakuwa ameoa, aliyefuga ng'ombe wa maziwa. Pembeni ya nyumba kulikuwa na kaburi la mumewe lililosakafiwa kwa saruji, na kutoka pale kilima kilipanda ghafla: migomba chini, miparachichi katikati, na karibu na juu nguzo ya umeme iliyosimama peke yake. Wimbo ulihusu kazi ya Mungu katika uumbaji, na mwalimu alisema hajaona mahali panapoufaa zaidi ya pale. Nami nilipaona hivyo hivyo.

Mvua za masika zilikuwa zimeanza. Kila Jumamosi niliweka stendi ya kamera palepale, kwenye kona ya uwanja iliyo ngumu, ili picha za siku zote nne ziweze kuungana kana kwamba tulirekodi mara moja. Stendi yangu ina kipimo kidogo cha maji, povu la hewa linalokaa katikati kamera ikiwa sawa. Nililitazama kila mara kabla ya kuanza. Nalitaja kwa sababu baadaye nilijisahaulisha kwamba nilikuwa nimelitazama.

Jumamosi ya pili kazi ilichelewa kwa sababu ya randa. Mlango wa mbele wa bibi ulikuwa umeanza kukwama, na mwanaye alikuwa ameung'oa, anaupunguza ubavuni. Mwalimu alimwomba asimame kwanza, kelele zinaingia kwenye kipaza sauti. Aliacha, akasema mbao huvimba kwa mvua. Jumamosi ya tatu huyo huyo alitutaka radhi kwamba chai haijaiva. Chemchemi ya chini ya nyumba ilikuwa imetoa maji mekundu tangu juzi yake, ikabidi wakachote mbali. Tulisubiri, tukanywa chai na ndizi za kuchemsha, tukarekodi ubeti wa tatu. Mimi nilikuwa nawaza mwanga.

Nilipokaa kuhariri, nilikuta picha hazikubali kuungana. Nikiweka klipu ya Jumamosi ya kwanza, kisha ya nne, nguzo ya nyuma ilikuwa inaruka. Hapa imesimama, pale imeelemea kushoto, upande ilikokuwa nyumba ya bibi. Ya pili ilielemea kidogo, ya tatu zaidi kidogo. Nikajiambia ni stendi, mguu mmoja umezama kwenye udongo laini. Basi nikafanya kinachofanywa na kila mhariri ninayemfahamu. Programu ina efekti ya kuzungusha picha. Nikazipa klipu za Jumamosi ya pili digrii moja, za tatu mbili, za nne nne na nusu, mpaka nguzo ikasimama wima katika zote. Namba hizo niliziandika kwa vidole vyangu, moja, mbili, nne na nusu, na hazikunishtua.

Kisha kulikuwa na doa jekundu kwenye majani ya kilima, kama mkwaruzo, ambalo halikupendeza. Nikaweka efekti ya ukungu mwepesi kwa nyuma, doa likapotea. Juu ya vyote nikatandaza rangi ya jioni, ya dhahabu. Video ikapendeza sana. Nikamtumia mwalimu kwenye simu.

Baada ya siku mbili alikuja mwenyewe, miguu imejaa tope. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akaizungusha simu mikononi, na kwa upole akanieleza kwamba akina mama wameshukuru, ila wana maneno mawili. La kwanza, wanasema kule si kwao. Ukungu ule na rangi ile vimefanya kilima kiwe cha nchi nyingine. La pili aliona aibu kulisema. Katika ubeti wa mwisho, walisema, wanaonekana kama wanaanguka.

Tukaitazama pamoja. Ilikuwa kweli. Kwa kuwa macho yangu yalikuwa kwenye nguzo, sikuwa nimewaona watu. Safu nzima ya akina mama, na vitenge vyao vya sare, ilikuwa imelalia kulia, kila mmoja kwa kiasi kilekile, wakiimba na kutabasamu. Mwalimu aliniomba niondoe efekti zote, katika klipu zote, wabaki walivyo.

Nikamwambia akae, si kazi kubwa. Mwanzoni nilizitoa moja moja, nafungua klipu, nafuta, nafungua nyingine. Zilikuwa zaidi ya arobaini. Nikaacha ujinga huo, nikazichagua zote kwa pamoja, nikabonyeza ile amri ya kuondoa efekti, programu ikaniuliza nataka ziondoke zipi, nikaziwekea alama zote. Rangi ya dhahabu ilibaki, maana niliitandaza kwenye tabaka lake la juu, nje ya klipu. Nikalifuta na hilo. Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba tulilazimika kuongea kwa sauti. Nikairudisha video mwanzo, tukaicheza.

Akina mama walikuwa wamesimama wima. Mwalimu akacheka kwa furaha. Ubeti wa kwanza ukapita, wa pili, wa tatu, wa nne, na wao walikuwa wamenyooka kama mishumaa. Nyuma yao nguzo ilikuwa inalala. Miparachichi ya katikati ya kilima nayo ilikuwa inalala, yote upande mmoja. Nikasimamisha picha. Nikachukua klipu moja ya Jumamosi ya kwanza na moja ya Jumamosi ya nne, nikaziweka ubavu kwa ubavu. Lile doa jekundu halikuwa doa. Katika ya kwanza halikuwapo kabisa. Nikafungua na ya Jumamosi ya pili, humo lilikuwa uzi. Katika ya nne lilikuwa mdomo, umepasua majani kutoka kwenye nguzo hadi kwenye miparachichi ya mwisho, na kila kilichokuwa chini yake kilikuwa kimeshuka.

Mwalimu aliacha kucheka. Aliniuliza kama ile ni kamera. Nilitaka sana kusema ndiyo. Lakini kamera ikiinama, watu na nguzo huinama pamoja. Watu walikuwa wamenyooka. Povu la kipimo lilikuwa katikati Jumamosi zote nne, na mimi nililiona.

"Si kamera, mwalimu," nikamwambia. "Kilima kinatembea."

Tulikwenda mchana uleule, kwa pikipiki mbili, nimeifunga kompyuta kwenye nailoni na kuikumbatia tumboni. Njiani nilikuwa nahesabu vitu nilivyoviona bila kuviona, mlango unaokwama, maji mekundu. Tulipofika kulikuwa kimya. Hata mvua ilikuwa imekatika. Kutoka uwanjani kilima kilionekana kama kilima. Ndilo jambo lililonitisha kuliko yote, kwamba ukisimama pale huoni kitu.

Mwana wa bibi alitupokea vizuri, ila hakutaka kusikia. Alitazama picha mara moja, akasema nguzo ile mafundi waliisimika vibaya tangu mwanzo, na kwamba sisi watu wa kompyuta tunaweza kumfanya hata ng'ombe aonekane anapaa. Hapo alikuwa na haki, maana siku chache kabla nilikuwa nimeisimamisha nguzo hiyohiyo kwa kuandika namba. Mwalimu alijaribu kumweleza. Akauliza tunataka aende wapi, na ng'ombe wawili na ndama.

Bibi aliomba naye aonyeshwe. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, kompyuta iko magotini mwangu mbele yake, na mimi nazirudia zile klipu mbili, ya kwanza na ya nne, ya kwanza na ya nne. Kiswahili chake kilikuwa cha wazee wa huku, kizito na cha taratibu. Aliweka kidole kwenye kona ya chini ya picha, mahali ambapo mimi sikuwahi kupatazama, ilipoonekana ncha ya kaburi.

"Hapa pamefunguka, mwanangu," alisema. "Tangu ile Jumamosi ya maji mekundu. Nilinyamasa. Nilidhani mume wangu ananiita."

Mwanaye aligeuka akamwangalia. Bibi aliinuka, akatuongoza hadi kaburini, akaondoa majani ya mgomba aliyokuwa ameyatandaza juu yake. Saruji ilikuwa imepasuka kutoka kichwani hadi miguuni. Ufa ulikuwa na upana wa kiganja changu, na ulikuwa mweusi, haukuonyesha mwisho. Alituambia kwamba kila asubuhi alikuja kuufunika kabla mwanaye hajaamka, na kila asubuhi alisali apewe muda wa kumaliza wimbo na wenzake. Alikuwa ameshachagua nguo ya kuzikiwa. Alivaa vitenge vya sare Jumamosi zile mbili za mwisho akiimba uumbaji, akijua yeye peke yake kwamba ardhi ya nyumbani kwake imefunguka, na akaielewa vile alivyoielewa.

Mwalimu alikwenda kumleta mtendaji wa kijiji. Huyo hakuhitaji kompyuta, alitazama kaburi, akapanda kilimani kidogo, akateremka haraka kuliko alivyopanda. Alisema wahame leo. Akina mama wa kwaya walikuja wakabeba vitu, magodoro, masufuria, mlango uliopigwa randa, na kabla ya giza bibi alikuwa amepelekwa kwa binti yake aliyeolewa Matwebe. Aliponiaga alinishika mikono yote miwili, akasema ndaga fijo, asante sana. Mikono yake ilikuwa ya baridi. Hakuonekana mtu aliyeokolewa. Alionekana mtu aliyekatizwa safari.

Mwanaye alibaki. Alikubali kulala kwa jirani ng'ambo ya kijito, lakini ng'ombe wangebaki bandani mpaka apate pa kuwaweka. Mtendaji alimsihi, mwalimu alimsihi. Mvua ilinyesha usiku na mchana siku tatu. Siku zile nilifungua ofisi na kufunga, nikipiga watu picha za pasipoti, na kila simu ilipoita nilisubiri kidogo kabla ya kuipokea.

Kilima kiliteremka Alhamisi asubuhi. Mwanaye alinisimulia mwenyewe baadaye. Alikuwa amekwenda kukamua. Anasema hakusikia ngurumo kwanza, alisikia nyaya za umeme zikilia, mlio mwembamba kama wa mbu, kisha ng'ombe wote wawili wakaacha kula kwa pamoja na kuinua vichwa. Alitupa ndoo, akakata kamba ya mmoja aliyekuwa karibu na mlango, akakimbia naye kupita migombani kuelekea kijito. Alipogeuka, nyumba haikuwapo. Anasema haikuangushwa wala haikubomolewa. Ilikuwapo, kisha mahali pale pakawa kilima. Ng'ombe wa pili na ndama wake walikuwa bado bandani. Kwa siku mbili watu walisema wanamsikia ndama chini ya udongo. Sijui kama ni kweli. Hakuna aliyethubutu kuchimba, maana huko juu udongo bado ulikuwa unadondoka.

Nilikwenda Matwebe kumwona bibi wiki iliyofuata. Alikuwa amekaa nje kwa binti yake, anamenya ndizi, kisu kinakwenda vizuri tu. Tukaongea habari za afya, za mvua, za kwaya. Kisha akaniambia, bila lawama, kwamba asichoweza kukizoea ni kutojua mumewe yuko wapi sasa. Kama amebaki pale chini au ameteremka na udongo hadi kijitoni. Kuna wakati nilikuwa nimejiona mtu aliyeokoa maisha ya watu wawili. Pale kwenye kibaraza hisia hiyo ilinitoka, ikabaki nyingine, kwamba nilikaa na picha zile zaidi ya wiki nzima nikizipamba, na katika wiki hiyo wangeweza kumhamisha marehemu, na ng'ombe wote, kwa utulivu, mchana kweupe.

Video haikutoka. Kwaya iliamua hivyo yenyewe, na mwalimu hakuwashawishi.

Mwezi uliopita nilipita Kisiba kwa kazi ya harusi, nikaomba tusimame. Udongo ulioteremka umeshaota majani, na ni udongo mzuri, mweusi, kila mtu anasema hivyo. Mwanaye alikuwa pale, amevua shati, anasimika miti ya nyumba mpya, hatua thelathini hivi kutoka ilipokuwa ya zamani. Nusu ya kilima iliyobaki ilikuwa inaning'inia juu yake. Nilimwuliza kama hauoni ufa ule wa juu, kwenye majani, upande wa mashariki. Aliinua uso, akautazama kwa muda, akajifuta jasho.

"Nauona, dada," alisema. "Niende wapi?"

Akaushika mti uliofuata, akausimamisha shimoni, akaniomba nirudi nyuma kidogo nimwambie kama umenyooka.