Mashua Iliyofugwa Bandani

Ijulikane kwa wakubwa na wadogo wa Baleni: Bwana Zahor bin Tahir amekuwa mtu wa kwanza kupanda mashua bila kwenda kuvua, kuzika wala kuoa. Anakwenda kutembea tu, yeye na mkewe Hafidha, kwenye mto wa mikokoni.

Mashua hiyo mpya aliifuga bandani tangu msimu wa kaskazi, akiifutafuta kama bibi harusi, isiguswe na maji. Wavuvi walimwonya kuwa mbao zikikauka huachana. Akasema wana husuda.

Hawajamaliza kona ya pili, Hafidha akahisi miguu imelowa.

"Bwana, maji yanaingia."

"Ni umande huo."

"Umande gani unafika magotini? Nami sijui kuogelea!"

Zahor akazidi kupiga kasia, jasho likimtiririka. Hafidha akamwaga mtoni pilau waliyobeba kwa matembezi, akaanza kukumba maji nje kwa sufuria huku akisoma Ayatul Kursiy kwa sauti. Mashua ikazama taratibu, kwa adabu, hadi ikakaa kwenye matope. Maji yakawaishia viunoni.

Walipojikokota hadi ukingoni, wavuvi walewale walikuwa wakingoja.

"Shikamoo, Bwana Zahor! Matembezi yalikuwaje?"

Zahor akakamua kanzu.

"Marahaba. Mafupi."