Wiki Iliyozikwa Pamoja na Mjomba

Nikifuma sweta, hakuna anayenisumbua. Naweza kukaa kwenye sofa saa tatu mfululizo, uzi mapajani, na mgeni akija ataniuliza ni ya nani, kisha ataniacha niendelee, kwa sababu mikono inaonekana ikifanya kazi. Lakini nikifungua kompyuta kuandika riwaya, papo hapo nageuka mtu asiye na shughuli. Nitumwe dukani. Nimngoje fundi wa bomba. Nimsaidie jirani na barua ya kuomba kazi. Ninaandika hadithi za ufalme ambao mito yake hupanda milima badala ya kushuka. Vitabu viwili vimeshatoka, cha tatu mhariri anakidai, na bado kwetu hilo linaitwa kupitisha wakati. Kupitisha wakati ni kufuma, jamani! Kuandika ni kazi, na inaniudhi kwamba mpaka leo lazima nieleze.

Kazi ya mshahara ni mapokezi kwenye kliniki moja ya meno pale Hurlingham. Huandika saa ya chakula cha mchana, ndani ya chumba cha faili, na Jumamosi baada ya kufua. Kwa mwendo huo nilifika sura ya mwisho ya kitabu cha tatu, nikakwama. Malkia wangu ilikuwa lazima afe, na kifo chake hakikuandikika nusu saa leo, nusu saa kesho, huku mtu anabisha mlango kuuliza kama daktari amerudi. Basi nikatunza siku zangu za likizo mwaka mzima. Harusi sikwenda, pwani na wenzangu sikwenda. Nilitaka siku tano tu, mimi na malkia, mlango umefungwa.

Mjomba akafa Jumapili, likizo ikianza kesho yake.

Sikumlaumu kwa kufa. Hasira zangu zilikuwa kwa grupu la familia kwenye simu. Kabla sijamaliza kusoma salamu za pole, binamu yangu, kifungua mimba wa mjomba, alikuwa ameshaandika: "Eulogy imesort. Tuko na author kwa family, na nimeskia ako leave." Chini yake zikafuata emoji za mikono ya amina, safu kwa safu. Wasifu wa marehemu nilikuwa nimeshatwikwa, na mimi mwenyewe hakuna aliyeniuliza.

Nikampigia mama.

"Mama, hii wiki nimeingoja mwaka mzima."

"Ni karatasi mbili tu," akasema. "Na si wewe hutunga watu wenye hawako? Huyu alikuwa. Itakuwa rahisi."

Alikuwa, kweli. Nilipompelekea kitabu changu cha kwanza kwake Dagoretti, alikishika kwa vidole viwili mbele ya wageni, akasema mambo ya mashetani hayatalala nyumbani mwake, akanirudishia. Na kwa miaka tisa hakusema na mama yangu, dada yake wa tumbo moja, eti kwa sababu mama alipunguza ua wa michongoma mpakani mwa viwanja vyao bila kumwuliza. Miaka tisa wakipita njia moja kwenda kanisa moja.

Jumatatu niliandika ninachokijua: kwamba alipenda ng'ombe wake, alikuwa mkali, alikasirika haraka na kusamehe polepole. Jumanne jioni kamati ya mazishi ikakutana kwenye hoteli moja katikati ya mji, orofa ya kwanza, chai na samosa mezani. Nikasoma.

"Hii haiwezi," akasema mwenyekiti, mzee wa kanisa lao. "Toa mkali. Weka mwenye msimamo."

"Na uweke alikuwa anapenda umoja wa family," binamu akaongeza.

Nikamtazama mama. Alikuwa anakoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani.

"Na aliokoka," akasema mwenyekiti.

"Mwaka gani?"

"Andika tu mapema."

Jumatano mjane wa mjomba alitaka mengine, na mchana huo kamati ikabadilisha tena. Alhamisi nilishinda Westlands kwenye duka la kuchapisha, nikibishana na binamu kuhusu picha ya jalada. Kufikia toleo la nne nilikuwa nimechoka kabisa, na nikafanya jambo ambalo sijajisamehe. Sentensi nilizokuwa nimemwekea malkia, zile nilizozibeba kichwani mwaka mzima, nikampa mjomba. Ndizo zilizokuwa karibu.

Ijumaa binamu alizisoma kaburini kana kwamba ni zake. Watu wakalia. Mama mmoja nyuma yangu akasema huyo kijana amejaliwa maneno. Nilisimama pale nimejaa hasira. Hao hao wanaosema napitisha wakati tu walikuwa wamenitungisha mtu ambaye hajawahi kuishi, na wakamwamini, na kwa ajili yake nimebaki bila mwisho wa kitabu.

Jumamosi asubuhi ujumbe ukaingia kwenye grupu. Mwenyekiti tayari alikuwa amefanywa memba, na ndiye aliyeuandika. "Tumchague author wetu officially, awe wa eulogy zote. Kila nyumba itume details za wazee mapema, ndio tusiharakishe author." Mikono ya amina ikaanza tena.

Nikatoka kwenye grupu.

Kwetu afadhali umtukane mtu kuliko kufanya hivyo. Hazikupita dakika mbili mama akapiga.

"Umetoka kwa grupu."

"Nimetoka."

"Watu wanaongea."

"Waongee!"

Nilisikia kuku wake wakilia uani.

"Na mimi? Siku yangu ikifika, nani ataniandikia?"

Hilo lilinichoma, na nikakasirika zaidi kwa sababu lilinichoma. "Yako nitaandika," nikasema. "Lakini ile miaka tisa itakuwa ndani, yote, na hakuna kamati itaguza."

Nilidhani atanikemea.

"Iandike," akasema. "Na uweke ati kila Krismasi nilikuwa nachinja kuku wawili, nikifikiria hii mwaka atakuja."

Akakata simu. Kwa nini hakuyasema hayo Jumanne mbele ya kamati, badala ya kukoroga chai, sijawahi kumwuliza.