Heche Amtafutia Mke Mjane wa Kiingereza

Heche Waitara anaonyesha filamu pale Sirari, katika kibanda cha mabati karibu na maegesho ya malori. Wanaume huenda kwa jirani yake kuangalia mpira wa Uingereza. Kwake wamebaki akina mama wa sokoni, na wakimwacha hao, anafunga. Kiingereza chake ni cha kuungaunga, lakini hushika kipaza sauti akawatafsiria.

Wiki ile ilikuwa filamu ndefu ya mjane wa Kiingereza. Marehemu mumewe alikuwa mkubwa wa makoloni, pengine hata huku kwetu. Makoloni yamerudi kwa wenyewe, limebaki jumba la vyumba arobaini, na mtoto wa kiume wa kulirithi hakuna. Linanyemelewa na binamu mwenye masharubu.

"Heche, mwanangu," aliuliza Bibi Gati kutoka benchi la mbele, "mbona hawa watu kila filamu ni majumba ya zamani?"

"Ni kama baba yangu, bibi. Ng'ombe wake waliibwa mwaka niliozaliwa. Mpaka leo akila ugali anawataja kwa majina."

"Basi huyu mjane aoe. Mimi sikupata mtoto wa kiume, nikamwoa Tabitha huyu hapa, akaizalia nyumba yangu. Sasa nina wajukuu watatu. Kwao hawajui nyumba ntobhu, mwanamke kumwoa mwenzake amzalie warithi?"

"Amwoe yule binti anayemletea chai," alisema Tabitha, akitafuna karanga. "Ana mikono ya kazi."

"Binamu akichukua nyumba ile," alimalizia Bibi Gati, "kesho usituone."

Tangu hapo, kila binti alipoleta chai, Heche alitafsiri mahari.

"Ng'ombe kumi, mwanangu," alisema mjane kwa sauti ya Heche.

"Wachache," walijibu akina mama.

Sehemu ya mwisho Heche hakuwa ameiangalia kabla. Binamu alipokea funguo. Mjane akaingia garini na sanduku moja. Binti wa chai akabaki ngazini, analia. Bibi Gati akavuta kikapu chake.

"Mjane anakwenda Machochwe," alisema Heche, "kununua ng'ombe waliopungua. Binti analia kwa furaha."

"Na huyo wa masharubu?"

"Ameachiwa funguo alinde nyumba. Ni mlinzi."

Bibi Gati akarudisha kikapu chini. "Hapo sawa. Na harusi?"

Majina yalikuwa yakipanda kwenye skrini, filamu imekwisha.

"Kesho saa nane," alisema Heche.

Asubuhi alionekana Isebania, ng'ambo ya mpaka, akipekua sanduku la diski, akimwomba muuzaji harusi yoyote ya Kizungu yenye bibi mzee na ng'ombe.