Sululu wameondoka leo, kama nilivyosema

Nilisema sululu wanarudi kwao Ulaya leo, mkanicheka.

Hapa Masoko nani anawajua ndege wale kunishinda mimi?

Alfajiri nikaenda pwani na mtani wangu Selemani, awe shahidi. Ndege tele, wanadonoa kwenye matope.

"Mtani, utaondoka wewe duniani kabla ya hawa," akanitania Selemani.

Basi tukabishana, bahari tumeipa mgongo. Kugeuka, matope matupu!

Selemani akasema wamehamia ufuko wa pili tu. Mbishi huyo!

Tukafika nyumbani. Mke wangu akasema, "Kundi zima limepita juu ya paa, linaelekea kaskazini."

"Shemeji, unamtetea mumeo."

"Mimi? Nimtetee huyu? Tangu lini?"



Haya, mliocheka, semeni sasa.