Nilikwenda Kigali Kufundisha Watu Kubana Maji

Niliondoka Singida kwa sababu Mwenyekiti wetu hakuwa na pasipoti. Nalisema hilo mapema ili mtu asidhani nilichaguliwa kwa ubingwa. Barua ya mwaliko ilifika kwenye jumuiya yetu ya watumia maji, ikitaka mjumbe mmoja aende Kigali, kwenye mkutano mkubwa kuhusu upungufu wa maji baridi duniani, akaeleze jinsi mji mdogo unavyoweza kubana matumizi. Mwenyekiti aliisoma mara tatu, akauliza kama Kigali kunafikika bila kuvuka mpaka, na alipoambiwa haiwezekani akanigeukia mimi, katibu wake.

"Nenda wewe, Mwanaidi," alisema. "Mdomo unao."

Mdomo nilikuwa nao kweli. Kwa wiki mbili niliandika hotuba ya kurasa kumi na moja. Nilianza na bahari, kwamba maji mengi ya dunia ni ya chumvi. Nikapita kwenye maziwa yanayokauka na mito inayochafuliwa, na nikamalizia na mama wa nyumbani asiyejua thamani ya tone moja. Huyo mama nilimsema sana. Alichukua kurasa nne.

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa stendi, hotuba nimeifunga ndani ya mfuko wa plastiki isilowe. Basi likapita Nzega, tukaingia Kahama na vumbi lote la Julai mwilini. Nililala nyumba ya wageni iliyokuwa na bomba lakini haina koki, nikaandika pembeni ya ukurasa wa saba: "Mfano mbaya, Kahama."

Rusumo, mpakani, tulifika kesho yake kabla ya adhuhuri. Mto unapita chini ya daraja, mwekundu, unanguruma, na abiria wote tulitoa simu kuupiga picha. Upande wa pili ofisa wa mizigo aliuona mfuko wangu kabla hajaniona mimi.

"Mama, plastiki huku hapana."

Aliuvua mfuko, akautupa kwenye pipa, akanirudishia karatasi zangu zikiwa uchi. Kichwa cha hotuba kikamvutia, akakisoma taratibu.

"Kumbe unakuja kutufundisha maji?"

"Ndiyo."

"Huku mvua inanyesha, mama. Shida si mvua."

"Shida ni nini?"

"Utaona," alisema, akaita mtu aliyekuwa nyuma yangu.

Basi likahamia upande wa kulia wa barabara, mimi nikabaki nimekunja uso kwa dharau. Nikamwonea huruma: mtumishi wa serikali, na hajui kwamba shida ni elimu kwa wananchi.

Alasiri tuliingia Nyabugogo, stendi kuu ya Kigali. Waheshimiwa wa mkutano walipangiwa hoteli. Sisi wa jumuiya ndogo tuliandikiwa kwamba tunakaribishwa "kujitafutia malazi kwa uhuru". Jirani yangu wa Singida alikuwa ameniunganisha na ndugu yake, Hadija, mshonaji wa mtaa wa Nyamirambo. Pikipiki ilinipandisha vichochoro mpaka nyumba yake, juu kabisa, mahali ambapo ukimwaga beseni maji yanafika kwa jirani wa tatu.

"Kalibu, dada," Hadija alinipokea, sindano ingali mdomoni. "Umechoka. Maji ya kuoga iko bafuni."

Bafuni kulikuwa na madumu mawili ya njano, yamejaa hadi shingoni. Siku mbili za vumbi, ndugu msomaji. Nilioga. Niliosha nywele, nikarudia. Nikafua kanga mbili na gauni la safari. Maji yaliyobaki nikajimiminia miguuni polepole, kwa raha tu, kama mtu anayejipongeza. Nilipotoka, Hadija alichungulia bafuni.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza. Alhamdulillahi."

"Yote mawili?"

"Yote," nilijibu, nikidhani ananiuliza kama nimeridhika.

Alinipeleka chumba cha ndani kumsalimia mama yake, Bi Zuhura, aliyekuwa mgonjwa wa miezi mingi. Kikongwe alinishika mkono, akauinua puani.

"Umeoga vizuri, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini. "Unanukia sabuni."

Na wakati wa chakula, nikinukia hivyo, niliwahutubia. Nilimweleza Hadija na mumewe Yusufu, kwa ufasaha, jinsi maji baridi yanavyopungua duniani na jinsi tabia ndogo za nyumbani zinavyoweza kuokoa mengi. Nikawapa hata zile kurasa nne. Yusufu alikula ndizi zake macho kwenye sahani. Hadija alisema "ee" na "kweli" kila nilipopumua. Nikalala nikijua nimepanda mbegu.

Baada ya sala ya alfajiri nilisikia kilio. Bi Zuhura alikuwa amefariki. Aliondoka kwa utulivu, mkono wake ndani ya mkono wa bintiye, na majirani wakaanza kuingia kabla sijamaliza kufunga kanga. Yusufu akatoka na wanaume kwenda kushughulikia kaburi, maana mazishi yangekuwa baada ya adhuhuri. Muda si mrefu akafika Bi Mariamu, muosha maiti wa mtaa, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi. Alikunja mikono ya gauni, akauliza swali moja.

"Maji iko wapi?"

Hapo ndipo nilipojifunza kile ambacho kila mtu mle ndani alikijua tangu jana. Bomba la sehemu ile ya juu lilikuwa halijatoa maji kwa siku sita. Yale madumu mawili ndiyo yaliyokuwa maji ya nyumba: ya kunywa, ya kupikia, ya kumsafisha mgonjwa, mpaka zamu yao ya bomba irudi.

Hadija hakunitazama. Ingekuwa nafuu angenitazama.

Majirani walitoa walichokuwa nacho. Mmoja alileta birika, mwingine nusu ya chupa ya chai. Wauza maji wa baiskeli walikuwa wameteremka bondeni tangu alfajiri, na habari iliyotoka huko ni kwamba foleni ya chemchemi haisogei. Bi Mariamu alipima birika kwa macho, akasema taratibu kwamba maji yakikosekana kabisa dini inaruhusu kumtayamamisha maiti kwa udongo.

"Mama yangu?" Hadija aliuliza, na sauti ikampasuka. "Kila masika maji yanashuka kwenye bati hii mpaka yanabomoa njia, leo tumpanguse na vumbi?"

Nilisimama. Sijui nilisema nini hasa, ila najua niliyachukua madumu yote mawili matupu, nikayashikilia ubavuni, nikasimamisha pikipiki. Mahali pamoja tu Kigali nilipokuwa na haki ya kuingia ni mkutanoni, na nilikuwa nimeona kwenye picha za mwaliko kwamba hoteli ya mkutano ina bustani.

Saa tatu asubuhi nilikuwa getini. Mlinzi aliangalia kitambulisho changu, akaangalia madumu.

"Ijerekani iko ya maonyesho?"

Nilifungua mdomo niseme ukweli, nikaufunga. "Ndiyo," nilisema.

"Maonyesho kushoto, mama."

Ndani, sikuruhusiwa kupita kimya. Bibi mmoja mwenye miwani ya jua kichwani aliyaona madumu, akapiga kelele za furaha, akanisimamisha mbele ya bango lenye picha ya tone la maji ili wapige picha. "Hiki ndicho tunachokosa!" aliwaambia wenzake. "Sauti ya jamii!" Mmoja akabandika stika ya mkutano kwenye dumu langu. Nikitabasamu hapo, niliona ukumbini kwa mlango ulio wazi. Mtaalamu alikuwa akionyesha ramani ya dunia, sehemu zote za kiu zimepakwa rangi nyekundu. Mbele ya kila mjumbe kulikuwa na chupa ya maji, na nyingi zilikuwa zimefunguliwa, zikaonjwa mara moja na kuachwa. Mkutano wa maji baridi: yalikuwa baridi kweli, yalitoka kwenye friji.

Nyuma ya hoteli nilipata nilichokifuata. Mtunza bustani mmoja, mtu mzima mwenye buti za mpira, alikuwa amewasha mpira unaozunguka na kurusha maji juu ya nyasi. Nusu ya maji ilikuwa ikilowesha njia ya saruji.

"Baba, naomba maji."

"Oya, hapana, mama. Hii maji ni ya majani."

"Kuna mama amefariki Nyamirambo. Hakuna maji ya kumuosha."

Alinitazama, akatazama stika, kama anayejaribu kupatanisha mambo mawili. Kisha akafunga koki, akauchomoa ule mpira kwenye kichwa chake cha kuzungukia, akauingiza ndani ya dumu la kwanza. Alifungua koki tena mpaka dumu la pili likajaa.

"Mimi nakaa Gitega, hapa hapa Kigali," alisema. "Na kwetu maji haijatoka."

Hapo akatokea mratibu wa mkutano, bwana mwenye kamba ya rangi shingoni, anatembea haraka.

"Mama Mwanaidi! Tunakutafuta. Wewe ndiye unayefuata kuzungumza."

"Siwezi. Kuna maiti inasubiri maji haya."

Alitazama saa. Namwelewa, ratiba ni ratiba.

"Haiwezekani kuahirishwa?"

"Nani aahirishwe, bwana? Mimi au maiti?"

Sikuwa na muda wa kusubiri jibu. Nilimkabidhi kurasa zangu kumi na moja. Nasikia alizisoma mwenyewe jukwaani, na zile nne za mama wa nyumbani ndizo zilizopigiwa makofi zaidi.

Mtunza bustani alibeba dumu moja mpaka getini, mimi nikabeba jingine. Mlinzi aliyaona yamejaa, akauliza kama maonyesho yamekwisha. Tukamwambia bado.

Saa tano na nusu tulikuwa tukimuosha Bi Zuhura. Bi Mariamu aliniita nimshikie kata. Sijawahi kuona mkono unaojua maji kama ule. Alimimina kidogo kidogo, bega la kulia, kisha la kushoto, maji yakashuka yakiufuata mwili bila kuruka, kila sehemu ikapata haki yake, na mara ya mwisho akatia kafuri. Hakuharakisha na hakukosa. Alipomaliza, dumu la pili lilikuwa limebaki zaidi ya nusu. Alilifunga kifuniko, akakikaza.

"Hii iko ya wafiwa," alisema. "Chai, na udhu."

Nikakumbuka miguu yangu ya jana, jinsi nilivyoiogesha kwa starehe.

Baada ya mazishi nilimkuta Hadija peke yake, ameketi karibu na cherehani yake, mikono mapajani. Nilikaa chini, mkekani.

"Hadija, nimekukosea. Nilioga maji ya mama yako."

"Yego," alisema. Ndiyo. Hakunipunguzia.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe mgeni. Mgeni haambiwi maji imekwisha." Alifuta uso kwa ncha ya ushungi. "Lakini unasema maji vizuri sana, dada. Nikawaza, mtu anajua maji hivi, atauliza iko ya siku ngapi. Nikangoja. Hukuuliza."

Nilikaa naye siku tatu za matanga. Asubuhi niliteremka bondeni na wanawake wa mtaa, nikapanga foleni, nikapanda na dumu kichwani, nikipumzika kila kona huku vikongwe wakinipita. Jioni ya mwisho bomba lilikohoa, likatema kutu, likatoa maji. Mtaa mzima ulitoka na vyombo, Hadija akiwa wa kwanza, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nilimsikia akicheka, kwa sababu nilikuwa nimekimbia na sufuria yenye tundu.

Safari ya kurudi ilikuwa ileile, mpaka, Kahama, vumbi. Nilipofika Singida, Mwenyekiti aliitisha kikao, akauliza mkutano umeazimia nini. Nilimwambia sijui, nilikuwa msibani. Alikasirika. Akasema basi angalau nieleze nilichojifunza, ili kiandikwe kwenye taarifa, na nilipoeleza akasema hicho si cha kuandikwa kwenye taarifa.

Kesho yake nilipanda mtaa wa juu wa mji wetu, ambako kamati ya jumuiya yetu inaruhusu kila nyumba ndoo nne kwa siku na mimi ndiye msimamizi wa zamu. Nilianza na nyumba ya Mama Neema, mwanamke ambaye nilikuwa nimemfungia zamu mara mbili kwa kuchota ya tano. Alikuwa akiosha vyombo. Alinyanyuka haraka, akaisogeza ndoo nyuma ya mlango.

"Sijaja kukagua," nilimwambia. "Nimekuja kuuliza. Humu ndani mko wangapi?"

Alinyoosha mgongo, maji yakimchuruzika viwikoni.

"Mwaka mzima unanihesabia ndoo," alisema, "na leo ndiyo unakuja kutuhesabu sisi?"

Nikabaki nimesimama mlangoni. Akanihurumia, akanisogezea kigoda.

"Tuko tisa," alisema. "Kaa."